Bingwa Niliyemwandika kwa Chaki

Mjukuu wangu Rehema anasoma mambo ya kompyuta Morogoro, na yeye na wenzake wanatengeneza gemu la simu. Likizo iliyopita alikuja nalo hapa Kilosa, akanikalisha barazani, akanipa simu yake. Ni gemu la lori linalopita mbugani. Unakwepa nyati, unakwepa twiga, unaokota magunia. Nilicheza mpaka chai ikapoa. Sikuwa nimechangamka namna ile tangu nifunge kibanda changu cha Mikumi. Kisha ikatokea orodha ya washindi. Jina langu lilikuwa mkiani, na juu kabisa kulikuwa na mtu anaitwa Simba wa Mikumi.

"Huyu ni nani?" nikamuuliza. "Nikipita Mikumi nimsalimie."

"Hayupo, babu. Tumemweka tu, ili watu wawe na wa kumfukuza."

Nikacheka. Halafu nikamrudishia simu na kumwomba aketi, nikamweleza habari ya mfugaji mmoja na kondoo wake. Alipomaliza kusikiliza akasema, "Hiyo waandikie na wenzangu." Kwa hiyo vijana, barua hii ni yenu. Nitazunguka kidogo, maana kazi ile niliipenda na siwezi kuisimulia kwa kufupisha, lakini mfugaji nitamfikia.

Baba yangu aliletwa na mkonge. Mimi nilimaliza kidato cha nne Kilosa, matokeo yakanirudisha nyumbani, nikajifunza ufundi redio. Hizo zilikuwa enzi za ruksa. Vitu ambavyo zamani tuliviona kwa wageni vikaanza kumwagika barabarani: redio za kaseti, saa zenye kikokotoo, viatu vinavyowaka taa. Siku moja Mikumi, mchuuzi wa mitumba alinionyesha kidude cha plastiki chenye kioo kidogo na betri mbili. Ndani matofali yalikuwa yanashuka, na wewe unayapanga yasirundikane. Nilikinunua nikakiuze Kilosa kwa faida. Nikasema ngoja nikijaribu kwanza, basi langu halijafika. Basi likafika, likapiga honi, likaondoka. Mimi nililiona kwa macho haya. Nilikuwa nasubiri lile tofali refu.

Nilipoinua kichwa na kujikuta peke yangu na begi langu, nilijua nimepata kazi. Kidude kile si cha kuuza. Ni cha kukodisha, tena hapohapo Mikumi, ambako malori yanasimama na watu wana muda wasiojua waupeleke wapi.

Nikajenga kibanda cha mabanzi pembeni ya barabara, jirani na mgahawa wa Mama Zena. Mama Zena aliuza chai, chapati na supu ya mbuzi, na ndiye aliyenifundisha kazi hii, ingawa hakuwahi kugusa gemu hata moja. Mwanzoni nilifanya ujanja wa kijinga. Kidude kilikuwa na sehemu ya kuongeza kasi, nami nikakiweka kwenye kasi ya juu ili mtu afe upesi na kulipia tena. Wiki ya kwanza walikuja wengi. Wiki ya pili nilikaa na nzi.

"Shikamoo Mama Zena."

"Marahaba. Mbona leo unapepea meza?"

Nikamweleza. Akacheka, akafuta mikono kwenye khanga. "Sasa mtu ameketi, hujampa hata tonge moja, unamnyang'anya sahani. Atarudi kufanya nini? Mimi chapati ya kwanza naitoa motomoto, kabla hajaagiza mchuzi. Akishaionja, hapo ndipo anauliza kuna nini kingine. Na supu simjazii mpaka juu. Aondoke ameshiba, lakini akiikumbuka."

Nilikwenda kupunguza kasi siku ileile. Mnaloita leo kwa majina marefu, jinsi ya kumshika mchezaji, mimi nililisikia kwanza kwa mwanamke aliyekuwa anakanda unga. Mwanzo uwe mwepesi hadi mtu ajione hodari. Katikati pawe pagumu kidogokidogo. Na akifa, afe akiwa amebakiza kidogo tu, aone kosa ni lake, si la mashine. Mtu anayesema "kidogo tu" huyo hajaondoka hata akisimama.

Baadaye nikaongeza televisheni na mashine yenye waya mbili za kuchezea, nikawa na magari, mpira na mapigano. Hapo nikajifunza jambo lingine, na nililijifunza kwa aibu. Niliwaza kwamba madereva watapenda gemu la magari. Nikamkaribisha dereva mmoja mnene, nikamwekea kwa fahari.

Akanitazama. "Kaka, nimeshika usukani tangu Tunduma. Macho yamekuwa mekundu, mgongo umekufa. Halafu wewe unanipa gari jingine?"

"Basi unataka nini?"

"Nipe yale matofali. Nipange kitu kikae mahali pake."

Na kweli, madereva karibu wote walikuwa watu wa matofali. Kazi yao ni kubeba mizigo isiyotulia, basi walistarehe kuona kitu kimekaa sawa. Magari yalichezwa na wahudumu wa nyumba za wageni, waliofua mashuka ya wasafiri kutwa bila kwenda popote. Mmoja alikuwa akiendesha huku anapiga kelele, "Pisha, pisha, mie naenda Mbeya." Mapigano yalikuwa ya matingo, wasaidizi wa malori, na hapo gemu lenyewe lilikuwa kisingizio tu. Kilichowaweka ni midomo.

"Wewe ni mlenda, unateleza tu hupigi."

"Na wewe lori lenu lenyewe linasukumwa, utanipiga na nini?"

Nilikuwa nacheka mpaka nashika mbavu. Ukimweka tingo mmoja peke yake kwenye mapigano, dakika tano ameondoka. Ukimpa wa kumtania, atasahau mpaka lori limetengenezwa. Hivyo nikaacha kuuliza ni gemu gani zuri. Nikawa nauliza: huyu ametoka kufanya nini, na ana muda gani? Abiria wa basi ana dakika kumi, mpe kitu kinachokufa upesi. Mwenye pancha ana saa nzima, mpe matofali. Anayelala, mwandalie mashindano ya mpira na uhakikishe amepata mpinzani wa kabila la utani. Mkitengeneza gemu la simu, simu ni ileile moja lakini anayeishika asubuhi kwenye foleni si yule anayeishika jioni kitandani, hata kama ni mtu mmoja.

Basi zikaja simu za mkononi. Nikanunua moja iliyotumika, nzito kama jiwe la kusagia. Mikumi wakati huo mtandao ulikuwa wa kubahatisha, ilibidi upande kilimani na uelekee upande fulani kama unayeswali. Watu walinicheka. "Athumani amenunua simu isiyopiga simu," wakasema. Mimi sikuinunua ili nipige. Ndani yake kulikuwa na nyoka.

Wakubwa mnaosoma mtakumbuka, wadogo niwaeleze. Nyoka ni kamstari keusi kwenye kioo. Unamwongoza kwa namba mbili, nne, sita na nane, anakula kitone, anarefuka. Akigonga ukuta amekufa. Akijiuma mwenyewe amekufa. Hakuna zaidi. Lakini kadiri unavyofanikiwa ndivyo mwili wako mwenyewe unavyokuwa adui yako, na mimi mpaka leo sijaona gemu lililobuniwa kwa akili kuliko hilo. Niliifunga simu kwa mnyororo wa baiskeli mezani. Vitufe nilivisafisha kila asubuhi kwa pamba na spiriti, maana namba sita na nne huliwa na jasho kwanza. Siku za vumbi niliivisha mfuko wa nailoni. Foleni ilifika mpaka kwa Mama Zena, naye akaongeza mabenchi.

Juu ya meza nikatundika ubao mweusi. Mwenye alama nyingi namwandika jina kwa chaki, wa pili chini yake, wa tatu chini yake. Ubao ule ulifanya kazi kuliko mashine zote. Dereva akitoka Zambia alikuwa haulizi chai, anauliza, "Bado nipo?"

Hapo ndipo alipoingia Saning'o.

Alikuwa mfugaji, rika langu, ng'ombe wake wakilisha mabondeni upande wa Ulaya, kile kijiji chetu cha Kilosa, si ng'ambo kwa wazungu. Alikuja Mikumi siku za mnada. Mara ya kwanza alisimama nyuma ya mabega ya watu, akaegemea fimbo yake, akatazama nusu siku bila neno. Mara ya pili akaketi. Alishika simu kwa mikono miwili kama anayepokea kibuyu cha maziwa, akacheza polepole, na watu wakaanza kunyamaza mmoja mmoja. Nyoka alijaza kioo. Nilikuwa sijawahi kuona kioo kikijaa.

"Umejifunza wapi?" nikamuuliza.

"Huyu si nyoka," akasema. "Hawa ni ng'ombe wanapita kwenye njia nyembamba. Nyinyi mnatazama kichwa. Kichwa kinajua kinakokwenda. Tazama mkia, umwachie nafasi."

Nikaandika jina lake juu ya ubao, alama mia nane sabini. Na hapo kazi yangu ikaingia shimoni. Wiki zilivyopita watu walitazama namba ile wakatikisa kichwa. "Huyo hafikiki," wakasema, wakaenda kunywa chai. Saning'o naye akaja mnada mmoja, akaona hakuna aliyemkaribia, akacheza mara moja, akaondoka. Bingwa asiye na mpinzani anachoka upesi kuliko anayeshindwa. Hilo nililiona vizuri. Nililolifanya baada ya kuliona ndilo linaloniuma.

Asubuhi moja, kabla sijafungua, nilifuta sehemu ya juu ya ubao nikaandika: Mwalimu wa Mamboya, mia tisa kumi na mbili.

Nilichagua Mamboya kwa sababu ni milimani, mbali, ng'ambo ya Kilosa. Nilichagua mwalimu kwa sababu watu huheshimu mwalimu. Alipita jana na basi, nikawaambia. Mtu mpole, ana miwani. Ile miwani sijui niliitoa wapi, ilikuja yenyewe.

Siwezi kuwaficha, siku zile zilikuwa za raha. Kibanda kilifufuka. Watu walibishana kuhusu Mwalimu kana kwamba wamesoma kwake. Tingo mmoja aliapa amewahi kupakia mizigo yake. Saning'o alisimama mbele ya ubao, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaketi kucheza mpaka jua likageuka. Akafika mia tisa na tano. Mnada uliofuata akafika mia tisa ishirini, akapiga goti lake kwa furaha. Nami kabla hajarudi tena nikampandisha Mwalimu hadi mia tisa hamsini.

"Amekuja?" Saning'o akauliza.

"Juzi. Mmepishana kidogo."

"Alisema nini juu yangu?"

"Alisema wewe ni mtu wa kuogopwa."

Alifurahi mno. Mama Zena alikuwa anapita na sinia la vikombe, akanitazama. Baadaye akaniita pembeni.

"Athumani, huyo mwalimu wako anakunywa chai wapi?"

"Anapita na haraka, mama."

"Mtu ashuke basi Mikumi, acheze mpaka ajaze kioo, asinywe hata maji? Hapa nawajua wote, mpaka wanaokimbia wake zao." Akatua sinia. "Chai yangu mimi ina maji mengi, hilo silikatai. Lakini ni chai. Wewe unamuuzia mwenzio kikombe kitupu. Mwambie."

Nikasema nitamwambia. Nilikuwa nangoja siku nzuri.

Mnada uliofuata Saning'o alikuja na kondoo. Alikuwa ametembea naye tangu jana yake, dume jeupe lenye mkia mnono, amefungwa kamba mpya. Nikadhani anampeleka kuuza. Akamfunga kwenye mguu wa benchi, akaketi, hakugusa simu.

"Leo sichezi. Namsubiri Mwalimu. Kondoo huyu ni wake."

Akanieleza desturi yao. Ukimpenda mtu na kumheshimu, unampa mnyama, na tangu siku hiyo hamwitani tena kwa majina yenu. Mnaitana kwa zawadi ile. Waliopeana kondoo kila mmoja humwita mwenzake paker, na hilo jina haliishi mpaka mmoja afe. "Mtu anayeweza kupitisha ng'ombe wengi vile kwenye njia ndogo vile," akasema, "si vizuri nikae naye duniani bila kujuana."

Vijana, hapo ndipo mlango ulikuwa wazi. Ilikuwa nifungue mdomo tu. Badala yake nikasema, "Sina hakika kama leo atakuja."

Alingoja mchana kutwa. Mama Zena alimpelekea chai bila kuombwa. Jua liliposhuka Saning'o akasimama.

"Basi nitamfuata kwake. Nina ng'ombe mmoja mwekundu atakayezaa mwezi ukiandama, na yule huzaa kwa shida. Mara ya mwisho ndama alikaa vibaya, nikamgeuza kwa mkono huu. Lakini nikitembea vizuri nitawahi kurudi."

Mama Zena akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Baba, usiende. Mwalimu huyo mimi simjui, na hapa hakuna nisiyemjua."

Saning'o akanigeukia. Akanitazama machoni, akangoja. Mama Zena naye akangoja.

"Huwa anapita njia ya nyuma," nikasema.

Nimefanya makosa mengi katika kazi. Niliwahi kuunguza televisheni ya watu, niliwahi kumwaga supu juu ya mashine. Hayo nikiyasimulia nacheka. Maneno yale matano sijapata kuyacheka. Saning'o akamfungua kondoo wake, akatuaga kwa heshima, akaelekea Kilosa.

Alitumia siku tisa. Mimi siku hizo tisa niliendelea kufungua kibanda, na wateja walikuwa wengi, na kila mara niliposikia kengele ya mnyama barabarani nilikosea kuhesabu zamu. Siku ya kumi alikuja, miguu imejaa vumbi jekundu, kondoo nyuma yake amekonda. Alikuwa amekwishapita nyumbani Ulaya. Akaketi.

"Nimefika Mamboya," akasema. "Nimekwenda mpaka kwenye ile shule ya misheni ya zamani. Walimu wote wamenipokea vizuri. Hakuna hata mmoja mwenye simu. Mmoja aliniuliza kama nyoka huyo ana sumu." Akamfunga kondoo kwenye mguu wa benchi. "Ng'ombe mwekundu amekufa. Ndama alikaa vibaya. Mke wangu alijaribu, mkono wake haukufika. Ndama naye amekufa."

Nikasema pole. Akaipokea, kisha akauliza, bila hasira, kama anayeuliza njia:

"Mwalimu yuko wapi?"

"Hayupo."

"Amehama?"

"Hajawahi kuwapo, Saning'o. Nilimwandika mimi."

Watu wa foleni walisikia. Tingo mmoja alianza kucheka, akaona hakuna anayemfuata, akaacha. Saning'o akasimama, akashika ncha ya shuka lake, akafuta jina la juu ya ubao, taratibu, mpaka pakawa peusi kabisa. Akaniokotea chaki.

"Andika aliyenishinda."

"Sijaelewa."

"Kuna mtu amenishinda. Andika jina lake. Lote, na la baba yake."

Nikaandika. Athumani Rajabu. Herufi zikapanda juu kama ngazi. Akalisoma, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akamfungua kondoo, akavuka kile kinjia kati ya kibanda changu na mgahawa, akampa Mama Zena kamba mkononi.

"Wewe uliniambia," akasema.

Mama Zena hakumchinja kondoo yule. Alimfuga nyuma ya jiko akanenepa tena, akawa anakula maganda ya viazi. Saning'o hakugusa tena simu yangu, lakini hakuacha kuja mnadani, na kila alipokuja alisimama barabarani akapaza sauti kuelekea mgahawani, "Paker," na Mama Zena kutoka kwenye moshi akaitika, "Paker," kisha wakaulizana hali za watoto na mvua na malisho. Niliwasikia hivyo miaka yote niliyokaa pale, na siku tulipomzika Mama Zena, Saning'o alikuwa miongoni mwa waliotangulia kufika.

Mimi hakuninyima salamu. Alinisalimu kila mara, kwa adabu, kwa jina langu lote na la baba yangu, kama nilivyoliandika ubaoni.

Sasa wanangu, tengenezeni magemu. Muwape wenye haraka kitu kifupi, muwape waliochoka kitu cha kupanga, muwape wenye midomo watu wa kutaniana nao. Ile raha ya kuona mtu amesahau pancha yake mimi bado naitamani, na nikiwa na simu ya Rehema mkononi natetemeka kama zamani. Lakini yule Simba wenu wa Mikumi mfuteni. Hapo juu wekeni mtu ambaye, siku mtu akitoka kwake na kondoo kumtafuta, atamkuta nyumbani.